Pini ya Kumi

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu kutafuta misumari ya mabati. Mbele yangu alikuwapo mzee aliyetaka mnyororo wa kufungia mbwa, na kijana wa duka akauburuza juu ya kaunta kupima urefu wake. Ule mlio, jamani! Chuma kikijiburuta juu ya kitu kigumu, kikisita, kikajiburuta tena. Hasira ilinipanda, na kabla sijajizuia nikawa nimemfokea yule kijana: "Kaza mnyororo huo! Hivyo sivyo mtu anavyopima!" Akanitazama kama amekutana na mwendawazimu, na mzee wa mbwa akasogea kando. Nikatoka nje nimesahau misumari.

Si kawaida yangu kufoka madukani. Mimi ni mwalimu. Kufoka nafoka shuleni, na hata huko kwa kipimo. Lakini mlio ule una mambo yake, na leo nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa mshika mnyororo. Miaka ile ya tisini, nikiwa darasa la nne, serikali ilikuwa imefika kwetu Mbeere, upande wa Gachoka, kuwapimia watu mashamba. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa ya ukoo, na mpaka wa mtu ulijulikana kwa mti, kwa jiwe, au kwa kumbukumbu ya mzee fulani ambaye siku ya kesi ndiyo siku aliyosahau. Sasa kila mtu angepata namba yake na karatasi yake. Akaletwa mpimaji, kijana mrefu mwenye kofia pana, ambaye sote tulimwita Sabea, kwa Kiingereza cha kazi yake, na mpaka leo sijui alibatizwa nani. Sabea akaajiri wanaume wa pale pale, wengine wa kufyeka vichaka kwa panga na wawili wa kushika mnyororo. Baba alikuwa mmoja wa hao wawili, na mwenzake aliitwa Njeru.

Lazima niwaeleze kazi yenyewe, la sivyo hamtajua ninacholalamikia. Mnyororo ulikuwa wa mita ishirini. Njeru alitangulia na ncha ya mbele, na mkononi alikuwa na pini kumi, pini ndefu za waya mnene zilizofungwa kitambaa chekundu kichwani. Baba alibaki nyuma na ncha ya pili. Mnyororo ukishakaza, Njeru anachomeka pini ardhini, wanasonga mbele wote wawili, hadi Baba anapoifikia ile pini. Hapo anasimama. Njeru akishachomeka nyingine kule mbele, Baba anaing'oa ile ya miguuni pake na kwenda nayo. Wakifika mwisho wa shamba, Sabea anahesabu pini zilizo mkononi mwa Baba. Pini tano ni mita mia moja, pini saba ni mia moja na arobaini, anaandika kitabuni, kwisha. Mwenye shamba anaweza kulia, anaweza kuapa, lakini kilichoandikwa ni hesabu ya pini za baba yangu.

Kwa hiyo mnaweza kukisia alivyojivunia. Jioni alirudi mikono inanuka chuma na vumbi, akaketi kwenye kigoda na kuupangusa mnyororo kipande kwa kipande kwa kitambaa chenye mafuta, maana vifaa vyote vya Sabea vililala kwetu. Watu walimjia kwa njia zao. Jirani mmoja alileta kuku, kumpa tu hivi hivi, akasema. Baba akamrudisha kuku na mwenyewe. "Mnyororo hauna ndugu," alisema, na maneno hayo aliyarudia mara nyingi mno hata mama akachoka nayo. "Ndiyo, hauna ndugu," mama akamjibu usiku ule akipakua kunde, "na hauna kitoweo pia."

Sasa kuna bibi yangu, mama yake Baba. Sisi tunasema Cucu. Cucu alikuwa mjane, na shamba lake lilishuka kutoka kwa boma lake hadi kwenye kijito kinachokauka kila Agosti. Mimi nilipewa jina lake, Marigu, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo hakuniita Marigu, aliniita Jina Langu. Chini kabisa, karibu na kijito, ilisimama mikau mitatu aliyoipanda marehemu babu. Mkau kwetu ni mti wa heshima: mbao zake mchwa hawazigusi, majani yake mbuzi wanapenda wakati wa kiangazi, na mizinga ya nyuki ya babu ilikuwa bado inaning'inia humo. Kila Jumapili baada ya kanisa Cucu alishuka kwenda kuitazama. "Hawa ndio wanaume walionibakia," aliniambia. Nikamuuliza, na Baba je? Akasema Baba ni wa serikali sasa.

Jambo la mwisho, kisha niingie kwenye maudhi yenyewe. Chifu alikuwa ameitisha baraza na kuonya kwamba atakayegusa kitu chochote cha Sabea, kiwe kigingi, pini au bendera, atalala ndani. Na hayakuwa maneno tu, kwa sababu mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito aling'oa kigingi na kweli akalala seli siku mbili. Cucu hakuwapo barazani. Siku hiyo mbuzi wake alikuwa anazaa.

Walifika shambani kwa Cucu mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, mvua ya vuli inakatika-katika, na mawele yamechanua, masuke yote yana lile vumbi lao la manjano linalonata kwenye nywele. Mstari wa mpaka ulipita pembezoni mwa mawele ukateremka kuelekea mikau. Saa saba Sabea akapuliza filimbi, wakaacha mnyororo ulipo na kwenda kula kivulini kando ya barabara. Pini moja ilibaki imechomekwa katikati ya mawele, kitambaa chake chekundu kinapepea.

Cucu akaiona. Nilikuwa naye, tunafukuza ndege.

"Jina Langu," akasema, "ni nani amechomeka chuma kwenye mawele yangu?"

Nikamwambia ni Njeru, ni kazi ya Sabea.

"Njeru hana mama? Chuma hakilali katika mawele yaliyochanua. Mvua itakiona na kupita."

Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila ya Wambeere wote au ni ya Cucu peke yake. Nimewauliza wazee wengi, nusu wamecheka. Lakini hakuwa mtu wa kubishana naye. Akaning'olesha ile pini, kisha, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye adabu na hakutaka kuwaharibia watu kazi, akakata kijiti, akakichonga ncha, akakichomeka katika tundu lile lile. Hata akachana kipande cha leso yake akakifunga juu. "Wakirudi watapaona mahali pao," akasema. "Shida iko wapi?"

Shida iko wapi! Nikikumbuka swali hilo nataka kung'ata meza.

Nikatumwa nipeleke pini nyumbani kwake, halafu niteremke mtoni kuteka maji. Cucu alinielekeza niipenyeze kwenye pete ya mlango wa zizi la mbuzi, kwa sababu komeo lilikuwa limevunjika na alikuwa akitafuta kitu cha kufungia tangu wiki iliyotangulia. Ikaingia sawasawa, kama imetengenezewa pale. Nilifurahi kwa kazi yangu, mpumbavu mimi.

Nilipopanda kutoka mtoni walikuwa wameshafika kwenye mikau na Sabea anafunga kitabu. Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Baada ya kula, Njeru alikiona kijiti akadhani Baba ameng'oa pini mapema na kuweka alama asipoteze mahali. Baba alikiona akadhani hivyo hivyo: ameshaing'oa, na Njeru ndiye aliyeweka alama. Kila mmoja akamsifu mwenzake moyoni kwa uangalifu. Wakapima kutoka kwenye kijiti, vizuri kabisa, bila kukosea hata kidole kimoja. Ila kijiti hakihesabiwi. Shamba la Cucu lilikuwa la pini tisa, na mkononi mwa Baba zilikuwa nane.

Jioni, nyumbani kwetu, wakakusanya vifaa. Pini za Baba, za Njeru, jumla tisa badala ya kumi. Sabea akalipuka. Akasema zile ni mali ya serikali, akasema watu wa huku ukiwapa kijiko wanarudisha mpini. Wanaume wakaanza kupekua nyasi na mifuko. Na mimi nimesimama pale, najua, jibu limenijaa mdomoni kama uji wa moto.

Nikamwendea Sabea. Nikakusanya Kiswahili changu chote cha darasa la nne. "Shikamoo bwana Sabea, mimi ninaomba kusema kwamba..."

"Wewe toto, enda uniletee maji ya kunywa."

Nikaleta maji. Akanywa. "Bwana Sabea, ile pini..."

"Ongeza."

Nikaongeza. Nikamvuta Njeru shati, akaniambia nisikanyage mnyororo. Nikamwendea mama jikoni, akasema mambo ya wanaume tuwaachie wanaume, na je, nimefunga kuku? Ndugu zanguni, kuna kitu kinachochosha kuliko kuwa mtoto mwenye jibu? Wakubwa wanatafuta kitu, wewe unacho, na kila mmoja anakupa kazi.

Mwishowe nikamshika Baba mkono, nikamvuta mpaka akainama. Nikamnong'oneza sikioni: "Iko kwa Cucu. Kwa mlango wa mbuzi. Aliitoa kwa mawele akaweka kijiti."

Baba akabaki ameinama hivyo hivyo kwa muda. Nilisikia pumzi yake. Nikasubiri anisifu. Halafu akasimama wima, akavua kofia.

"Mkubwa," akamwambia Sabea, "usisumbue watu. Nimeipoteza mimi."

Nilidhani hakunisikia. Nikafungua mdomo, na mkono wake ukatua begani mwangu, mzito.

"Ila naomba kitu kimoja," akaendelea. "Kesho kabla hatujaenda upande ule mwingine, tupime tena ule mstari wa mama yangu."

"Kwa sababu gani?"

Baba akakung'uta vumbi kwenye kofia yake.

"Kwa sababu ni mama yako?" Sabea akacheka. "Si wewe husema mnyororo hauna ndugu?"

Wanaume wote wakacheka, na Njeru pia. Kesho yake hawakupima tena, na mnyororo akapewa mtu mwingine. Baba akapewa panga, kufyeka vichaka mbele ya mnyororo. Alifyeka mwaka mzima. Jioni alirudi ananuka majani na jasho, na kigoda chake kikakaa bure, maana hata vifaa vilihamishiwa kwa Njeru.

Nilimchukia. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Nilimpa ukweli mkononi na akautupa kama ganda. Siku tatu sikumsalimia.

Ramani ilipobandikwa kwenye ofisi ya chifu nilikuwa darasa la tano, na sote tukaenda kuitazama, Cucu na fimbo yake mbele. Karani akafuata mistari kwa kalamu. Marigu, namba fulani, upande wa kushuka kijitoni mita mia moja na sitini. Nilishtuka kusikia jina langu. Cucu akauliza mikau iko wapi. Karani akasogeza kalamu: mikau iko kwa Mzee Nyaga, jirani wa chini. Cucu akasema hapana, angalia vizuri. Karani akaangalia vizuri.

Mia moja na sitini, nikapiga hesabu kwa vidole, ni pini nane. Nikaikumbuka ya tisa.

"Baba! Ni ile pini! Ni kile kijiti!" Nilimkimbilia nje.

"Najua," akasema. "Nimejua tangu jioni ile."

"Basi sema! Ingia useme!"

"Nitaomba tupimiwe tena. Lakini wewe, Marigu, nisikilize. Cucu asijue. Umenisikia? Asijue kamwe."

Kulikuwa na siku sitini za kuleta malalamiko, na kamati ya wazee ikaketi kuyasikiliza. Nilichungulia dirishani. Baba alisimama mbele yao ameshika kofia. Wakamuuliza, ni kwa nini anadhani shamba la mama yake limepunguzwa. Akasema mnyororo ulikosea. Wakamuuliza, ulikosea vipi, na ni nani alikuwa ameshika mwisho wa mnyororo siku hiyo? Akasema ni yeye. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Kwa hiyo umekuja kujishtaki?" Kicheko tena. Mzee Nyaga naye alikuwapo; hakuwa mtu mbaya, alisema yeye hajasogeza hata jiwe, na ilikuwa kweli. Neno moja tu lingetosha! Neno moja na mlango wa zizi wa kuonyesha! Baba akageuza kichwa, akaniona dirishani, akanitazama mpaka nikashuka kwenye jiwe nililokuwa nimekanyaga. Lalamiko likatupwa.

Njiani Cucu alitembea mbele. Tulipofika njia panda akasimama bila kugeuka. "Mwanangu ameshika mnyororo wa watu wote," akasema, "wangu ukamponyoka."

Baba akajibu, "Ndiyo, Mama."

Na hayo ndiyo yakawa maisha yetu. Cucu aliyasema maneno hayo kwenye harusi, kwenye matanga, kwa wageni waliokuja kununua mbuzi. Baba alimpelekea kuni kila Jumamosi, akayasikia, akapanga kuni. Mwaka ambao nilifanya mtihani wa darasa la nane, Mzee Nyaga alijenga nyumba ya mbao, akaangusha mikau miwili. Msumeno wa petroli ulinguruma tangu asubuhi. Cucu hakushuka kutazama. Alikaa chini, mgongo umeegemea mlango wa zizi, mikono mapajani, na kila msumeno ulipobadilisha sauti alifumba macho. Juu ya kichwa chake, shubiri moja tu, ile pini ilikuwa imepenya katika pete yake. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeoza zamani, kimebaki kifundo. Nikaitazama, nikamtazama, nikahisi nitapasuka.

"Serikali ina meno, Jina Langu," akaniambia. "Lakini mimi sikumkosea mtu."

Nikasema, "Ndiyo, Cucu." Nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo mpaka ikabonyea.

Miaka mingi nilidhani Baba alimwogopa chifu. Seli siku mbili, kwa mwanamke mzee. Sawa, siku ya kwanza hofu hiyo ilieleweka. Lakini baadaye je? Sabea alishaondoka, chifu alishastaafu, na Baba bado amefunga mdomo. Nilimwona mwoga, na nilipopata mshahara wangu wa kwanza nikamwambia hivyo usoni. Akaniuliza kama nimekula.

Nilielewa nikiwa nimeshazaa. Mwanangu aliungua kwa chai niliyoiweka mwenyewe ukingoni mwa meza. Kovu dogo tu, sasa halionekani. Lakini miezi mingi sikulala, na kama kungekuwa na mtu mwingine wa kulaumu, ningemlaumu kwa furaha, ningemlaani na kulala usingizi mzito. Ndipo nikamwona Cucu, mgongo kwenye mlango ule, msumeno unanguruma. Kwa alivyojua yeye, alikuwa ameibiwa na serikali na mwanawe alikuwa mzembe. Uchungu, ndiyo, lakini asubuhi aliamka, akachunga mbuzi, akagombana na watu, akaishi. Angejua kwamba wale wanaume wake wawili walianguka kwa mkono wake mwenyewe na kipande cha leso yake, angeamka na nini? Baba aliliona hilo pale pale, ameinama, sikio lake mdomoni mwangu. Mimi ilinichukua miaka kumi na tano na bilauri ya chai.

Cucu alifariki mzee sana, bado anayasema yale maneno. Tulimzika akielekea mkau uliobaki. Waombolezaji walipoondoka na viti vya kukodi vimepangwa, Baba aliniita nimfuate hadi zizini. Akakata kijiti, akakichonga ncha. Akaichomoa ile pini kwa shida, maana kutu ilikuwa imeishika, akapenyeza kijiti mahali pake. Akaifuta pini kwa ukingo wa koti lake jeusi, kipande kwa kipande, kama zamani, kisha akanipa.

"Haya, Marigu," akasema. "Sasa sema."

Nikafungua mdomo. Njeru alikuwa amekufa. Sabea hatukujua aliko. Kamati ile yote ilikuwa makaburini isipokuwa mmoja asiyesikia. Pale tulikuwa Baba, mimi na mbuzi, na maneno niliyoyabana tangu darasa la nne yakakosa wa kumwendea. Baba alisubiri kidogo, kwa adabu, halafu akaenda kutafuta watu wa kurudisha viti.

Pini iko kwenye droo yangu hapa Embu. Nimewaambia ninyi kwa sababu hamkumjua Cucu.